Famasi mbili na vidonge vya pinki vya mama

Mimi ni fundi friji, ila leo nazungumzia famasi. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele nitapima joto la kaunta, na mtu asije akauliza mteja wa dawa kapata wapi kipimajoto. Ninatembea nacho, kama fundi cherehani anavyotembea na futi shingoni.

Famasi zenyewe sizitaji majina. Ya kwanza ipo Temeke, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Ya pili ipo Kariakoo, ghorofa ya chini ya jengo ambalo juu wanauza vitambaa. Zote nimezitumia kumnunulia mama yangu dawa moja tu: warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mama ana miaka sitini na tatu na ana vali ya chuma kwenye moyo. Usiku umeme ukikatika, feni ikanyamaza, unaisikia kifuani kwake: tik, tik, tik. Wanangu wanaiita saa ya bibi. Vali aliyozaliwa nayo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, akaja kuwekewa hii Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tangu hapo, kila siku saa mbili usiku, ngoma ya taarifa ya habari ikilia kwenye TV, anameza kidonge kimoja cha pinki cha miligramu 5 na kimoja cha kahawia cha miligramu 1. Jumla sita. Damu ikigusa vali ya namna ile inataka kuganda, na bonge likijitengeneza pale, likachomoka na kupanda kichwani, ni kiharusi. Dawa ikizidi nayo, anavuja damu. Katikati ya hayo mawili kuna kinjia chembamba, na kipimo kinachoonyesha kama bado uko njiani kinaitwa INR. Mtu asiyetumia dawa hizi anasoma kama 1. Mama anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5.

Sasa famasi ya kituoni. Nitaisifu kwanza, maana ina sifa. Inafungwa saa tano usiku, Jumapili ipo wazi, Lipa Namba inafanya kazi, chenji ipo, na kijana wa kaunta anakukumbuka. "Kaka, za bi mkubwa?" anauliza kabla hujafungua mdomo. Kwa mtu anayerudi kazini usiku mikono inanuka oili ya kompresa, hiyo ni huduma. Nilinunua pale karibu mwaka mzima.

Mwezi wa pili mwaka 2025 nikataka vidonge arobaini vya pinki. Kijana akainama chini ya kaunta, akatoka na boksi limechakaa kona, akaanza kuhesabu vipande. Kimoja kina vidonge sita, kingine vinne, kingine kumi kasoro kimoja. Vyote vimekatwakatwa kwa mkasi. Akavitia kwenye kibahasha cha kaki, akaandika 1x1 kwa kalamu ya bluu, akanipa. Niliona ni mabaki, lakini nikajiambia vidonge ni vidonge.

Huo mkasi niueleze, maana kila mtu ameshauona na wachache wameufikiria. Karatasi ya vidonge huwa imepigwa mhuri sehemu moja tu, mara nyingi ukingoni: namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Ukija unataka vidonge vitano, muuzaji anakata. Wewe unaondoka na upande usio na mhuri, wenye mhuri unabaki dukani. Anayefuata anakatiwa tena. Hakuna aliyekudanganya, lakini tarehe ya dawa yako ipo kwenye kipande ulichokiacha dukani, na pengine mtu mwingine ameshakinunua.

Katikati ya mwezi wa tatu mama akaenda kliniki. INR 1.8. Mwezi uliotangulia ilikuwa 2.8. Daktari akauliza maswali yake, na yalikuwa maswali mazuri. Umeruka dozi? Hapana. Umekula majani sana? Hapo mama akacheka, maana shangazi alikuwa ametoka Muheza na fungu la kisamvu, wakakila karibu wiki nzima. Mboga za majani kama kisamvu, mchicha na matembele zina vitamini K nyingi, na warfarini inafanya kazi kwa kuibana hiyohiyo vitamini K, kwa hiyo ukizila ghafla kuliko kawaida yako kipimo kinashuka. Dawa nyingine? Hapana. Dozi ikapandishwa, saba. Baada ya wiki moja, 2.2. Ikapandishwa tena, saba na nusu, yaani kidonge kimoja na nusu cha pinki. Swali la vidonge vyenyewe vina umri gani halikuulizwa, na mimi sikulijua.

Kuvunja vidonge nusu kulivimaliza haraka. Siku hiyo nilikuwa Kariakoo kutafuta kapilari na gesi, nikaona bango la famasi, nikaingia. Mkononi nina kipande kitupu kama sampuli, maana jina la dawa huwa nalikosea.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa sawasawa. Ukutani, kando ya mlango wa stoo, limening'inia daftari lenye jedwali: tarehe, asubuhi, jioni, sahihi. Nikasoma mistari ya wiki ile: 24, 25, 24, 24. Kwangu mimi hiyo ni kama kuingia nyumba ya mtu ukakuta vyombo vimeoshwa. Nikatoa cha kwangu kisirisiri, nikakiweka juu ya kaunta: 24.6.

Mfamasia ni mama wa makamo, miwani imeshukia puani. Nikamwita daktari, akanirekebisha: "Mimi si daktari, mimi mfamasia. Lete nione." Akakigeuza kile kipande mara mbili.

"Tarehe yake iko wapi?"

"Haina."

"Haina, au imekatwa?"

Nikanyamaza. Akaniuliza dozi, nikamwambia saba na nusu, ilikuwa sita. Akaweka miwani sawa. "Imepanda kwa nini?" Nikaeleza. Akaniuzia vidonge ishirini kwenye karatasi zake nzima, tarehe zinasomeka, akaandika namba ya simu ya famasi kwenye boksi, akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike yote haya: "Kaka, nenda nyumbani ukatafute kipande chenye tarehe. Mpaka ukipate na unipigie, mama asianze hivi vyangu kwa dozi ya saba na nusu."

Mama hatupi kitu. Dawa zake zinakaa kwenye kopo la biskuti, na makaratasi matupu anayarudisha humohumo apate kuhesabu. Nikayamwaga mezani. Vipande saba. Sita havina kitu. Cha saba kina ukingo, na ukingoni kuna mhuri usio na wino, umebonyezwa tu kwenye bati la karatasi. Kwa macho ya kawaida huoni. Nikafanya kama ninavyosoma kibao cha kompresa kilichofutika: taa ya simu pembeni, ulaze kidogo, kivuli kikuonyeshe namba. EXP 10/2024. Tarehe ya namna hiyo inahesabiwa hadi siku ya mwisho ya mwezi, kwa hiyo dawa ile iliisha muda tarehe 31 Oktoba. Mimi nimeinunua Februari.

Nikampigia mfamasia. Nilitarajia aseme mama amekunywa sumu. Alichosema kilikuwa kingine, na nimekirudia kichwani mara nyingi. Warfarini iliyopita tarehe haijulikani kugeuka sumu. Shida yake ni kwamba mwenye kiwanda ameshaacha kukuhakikishia kwamba miligramu tano bado ni tano. Inaweza kuwa tano kamili, inaweza kuwa imepungua, na huwezi kujua kwa kutazama. Kwa dawa ya kichwa, ikipungua kichwa kitaendelea kuuma, basi. Kwa dawa hii daktari anapima damu, anaona kipimo kimeshuka, anapandisha dozi. Amepandisha kwa kufuata vidonge vilivyochoka. Siku ukileta vidonge vizima ukampa dozi ileile ya juu, ndipo mama anapoanza kutoka damu kwenye fizi, au mkojo mwekundu, au choo cheusi kama lami, na wewe unashangaa mbona hujabadilisha kitu.

Nikamuuliza, basi ningeona tarehe imepita ningeacha kumpa? Akawa mkali. "Kumkatia dawa mtu mwenye vali ya chuma siku tatu unangoja upate nyingine ni hatari yake mwenyewe. Ungepiga simu kliniki, au hapa, siku hiyohiyo, ukasema nina hivi vilivyopita, nifanyeje. Usikate mwenyewe, usiongeze mwenyewe." Asubuhi tukawa kliniki na kipande cha saba kimefungwa kwenye leso. Daktari akakitazama, akashusha pumzi, akarudisha dozi kwenye sita kwa vidonge vipya na kutupa miadi ya siku tano. Siku ya miadi kipimo kikasoma 2.7.

Niseme ukweli, maana kumtia mtu hatiani ni rahisi: hiyo haithibitishi kwamba vidonge vya kituoni vilikuwa dhaifu. Kisamvu cha shangazi nacho kilikuwa kimeisha. Mfamasia mwenyewe aliniambia hivyo kabla sijauliza, bila maabara hakuna wa kusema. Ninachokilalamikia famasi ya kituoni ni kuuza kitu kilichopita tarehe miezi mitatu na zaidi, ambalo ni kosa kisheria, na kukiuza kimekatwa kiasi kwamba mnunuzi hawezi kujua.

Nilirudi pale, na kipimajoto. Saa tisa alasiri, jua la magharibi linapiga kioo cha mbele, AC ipo ukutani ila imezimwa, kava la juu limejaa vumbi. Nikakiweka rafu ya dirishani, kati ya maboksi: 35.8. Boksi la dawa linasema hifadhi chini ya nyuzi 30, pakavu, mbali na mwanga. Ile tarehe ya kwenye mhuri mtengenezaji ameihesabu kwa masharti hayo. Rafuni kwa joto la 35 hata dawa ambayo haijafika tarehe siwezi kuiamini kama ilivyoandikwa.

Mwenye duka alikuwepo siku hiyo. Hakukataa. Alisema nimletee vipande anirudishie hela, kisha akaongeza: "Ila kaka, dawa haziozi kama maziwa. Tarehe wanaweka wauze zaidi. Hata jeshi la Marekani linatumia zilizopita."

Hilo la jeshi nikalipeleka Kariakoo. Mfamasia akacheka, akasema nusu yake ni kweli. Tangu mwaka 1986 Marekani ina mpango wa kupima upya dawa za akiba za jeshi zinapokaribia tarehe, na nyingi zilizopimwa zilikutwa bado nzima hata miaka baadaye. Lakini zilikuwa kwenye maboksi ambayo hayajafunguliwa, kwenye maghala yanayodhibitiwa joto, na kila toleo linapimwa maabara kabla ya kuongezewa muda. "Hizo za kwako," akaniuliza, "zilipimwa na nani? Mkasi?"

Sasa nijilaumu kidogo mimi mwenyewe. Siku ile ya kumwaga kopo mezani, nilipolirudisha mahali pake mkono ukahisi vuguvugu. Kopo la dawa la mama limekaa miaka yote juu ya friji. Friji ya zamani, kondensa ipo mgongoni, joto lote linapanda juu. Nikapima: 34. Fundi friji mzima, ninayewaambia wateja kila siku wasiweke mikate juu ya friji, dawa ya moyo ya mama yangu nimeiacha inaokwa pale. Kwa hiyo katika hesabu ya lawama weka na jina langu.

Famasi ya Kariakoo nayo si malaika. Inafunga saa kumi na mbili, Jumapili haifungui. Kuegesha hata pikipiki ni vita. Siku mbili kati ya nne nilizokwenda mtandao wa malipo ulikuwa chini na chenji hawana, ukatafute kwa wauza vitambaa. Bei imezidi kidogo ya kituoni. Na mfamasia ana ulimi. Nilimwona anamgombeza mzee wa watu mbele ya foleni kwa sababu amechanganya warfarini na diklofenaki, dawa ya maumivu, anayotumia kwa mgongo. Ni kweli mchanganyiko huo unaweza kumtoa mtu damu tumboni, ila mzee ni mzee, angemvuta pembeni.

Lakini siku niliyompeleka mama mwenyewe nilimwona mwingine. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Eti ni kweli hii dawa yangu ni sumu ya panya? Jirani kaniambia." Nilijua hilo swali limemkaa rohoni, mara mbili alishawahi kutaka kuacha. Mfamasia hakukana. Alivuta kiti, akamsimulia. Miaka ya 1920 huko Kanada na kaskazini mwa Marekani ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu, ikaja kugundulika ni majani ya klova yaliyovunda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaitafuta kemikali yenyewe, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, jina limetokana na WARF, taasisi ya utafiti ya wahitimu wa chuo hicho. Ikauzwa kwanza kuua panya, mwaka 1948. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa watu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipopata shambulio la moyo, akapewa hiyohiyo.

Mama akafikiri. "Basi panya anapewa nyingi."

"Ndiyo maana wewe tunakupima, mama."

Nje ya hapo nikauliza la jirani yetu mwingine, mzee mwenye moyo unaokosea mapigo, anayetumia dabigatrani, nayo ya kuzuia damu kuganda, anayoletewa na mwanawe, na hapimwi INR hata siku moja. Kwa nini mama asihamie huko? Kwa vali ya chuma haifai, akasema; walijaribu dabigatrani kwa watu wa aina ya mama, na majaribio yakasimamishwa kwa sababu walipata mabonge na kuvuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Kisha akaniuliza mzee anaihifadhi wapi. Nikamwambia ana kiboksi cha siku saba, anapanga Jumapili. Akashika kichwa. Dawa ile inanyonya unyevu, mfuniko wa kopo lake una kikausha unyevu ndani, haitakiwi kuhamishwa, na kopo likishafunguliwa ni miezi minne tu, hata kama tarehe ya chini inasema mwaka kesho. Jioni ile nilipita kwa mzee. Kopo lilikuwa na miezi saba. Binti yake akapiga simu kwa daktari wake palepale, mimi bado nimesimama mlangoni.

Nyota: Kariakoo nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya yule mzee wa mgongo na mtandao. Ya kituoni moja, kwa sababu hela walirudisha bila ubishi. Vipande vyote saba na risiti nimevipeleka TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, wakavipokea na kuandika maelezo yangu. Nikikosa pa kwenda usiku bado nitanunua pale panado na bandeji, lakini si kitu chochote kilichokatwa.

Ukinunua popote, mwambie muuzaji aanze kukata upande usio na mhuri, ukingo wenye tarehe uondoke nao wewe. Kijana wa Kariakoo alinifanyia hivyo bila kuombwa. Kama hawezi, piga picha ya karatasi nzima kabla mkasi haujaingia.

Kopo la biskuti limehamia kabati la nguo la mama, rafu ya chini, nyuzi 27 hata mchana. Hajapenda. Analalamika kwamba sasa ngoma ya taarifa ya habari ikilia inabidi anyanyuke, na akirudi wameshapita vichwa vya habari.